Aliyekaa Badala ya Mutware

Habari ya kifo cha Kaki ilinikuta ninaanika muhogo uani. Bintiye Zarina alipiga simu kutoka Dar es Salaam, akasema kwa sauti ya mtu aliyekwisha kulia, "Dada Hadija, mama amepumzika." Nikajibu yale yanayojibiwa, nikauliza amezikwa wapi na nani aliyemwosha, nikamwambia ihangane, yaani vumilia, kama tunavyosema huku kwetu Burundi, kisha nikarudi kwenye muhogo wangu. Vipande vilikuwa vimekwisha kupangika vizuri juu ya mkeka lakini mikono yangu iliendelea kuvigeuza. Wajukuu walinitazama tu, maana hawakumjua Kaki. Kwao Rumonge ni soko, ni mapipa ya mawese, ni pikipiki na kelele za watu wa ndagala, dagaa wa ziwani, asubuhi. Hawajui kwamba mtaa huu wetu wa Waswahili uliwahi kuwa na Mhindi ambaye babu zake walichora wafalme, na kwamba mimi nilikaa nyuma ya nyumba yake mwaka ule ambao Warundi hawautaji kwa namba. Wanauita Ikiza, yaani baa. Ya ukoo wangu nitayaruka, kila mtu ana ukoo. Nataka kusema habari za nyumba ile na za mwaka ule.

Tulikuwa tumepanga vyumba viwili vya uani, mimi na mume wangu Idi. Ndoa yetu ilikuwa bado changa, hata vikombe tulivyopewa harusini vilikuwa havijavunjika kimoja. Idi alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Wazazi wake walitoka milimani juu ya Rumonge, naye alisilimu kabla hata hatujajuana, akawa anasali kwa bidii kuliko sisi tuliozaliwa humo. Upande wa mbele wa nyumba kulikuwa na duka dogo la vitambaa alimouza Kaki, na pembeni ya duka chumba cha kazi cha mumewe, mzee Sadiki. Siku ya kwanza nilimwamkia mzee huyo "Shikamoo, kaka," kwa kuwa nilibabaika, sikujua nimwite nani. Alicheka hadi akavua miwani. "Kwetu Kachi, kule Uhindini, kaka ni baba mdogo," akaniambia. "Umepatia bila kujua. Na mke wangu basi ni Kaki." Tangu siku hiyo tukawaita hivyo, na wageni wakidhani Kaka ni kaka yangu tulikuwa hatuwasahihishi.

Chumba chake cha kazi kilinukia gundi na moshi wa mawese. Riziki yake ilikuwa kuandika majina kwenye mitumbwi na mabango ya maduka, na kutia rangi picha za kamera ambazo watu walimletea, shavu likawa jekundu kidogo, kitenge kikawa na maua yake. Lakini ukutani, mbali na jua, alitundika picha ndogo alizorithi, kila moja si kubwa kuliko kiganja cha mtu mzima: wafalme wa Kachi, wale walioitwa Rao, wametazama upande mmoja, wana lulu shingoni na ua mkononi, na nyuma ya kichwa duara la dhahabu kama jua linalozama. Alituambia kwamba ukoo wake zamani ulikuwa wa mafundi wa pinde za vita. Vita vya pinde vilipokwisha, mfalme aliwaambia mikono yenu bado mizuri, chukueni brashi, na wakawa wachoraji wa baraza. Kisha ikaja kamera, wafalme wakapenda kamera. "Kijana wa kwetu akichagua, ni kuwa karani au kupanda meli," alisema. "Mimi niliogopa ukarani." Hivyo ndivyo alivyofika Ujiji, na kutoka Ujiji akafika kwetu, akawa anasaga konokono wa ziwani kupata rangi nyeupe, anachuja udongo wa mlimani kupata nyekundu, anakinga masizi ya taa ya mawese kupata nyeusi, na brashi zake anazifunga kwa nywele za mkia wa kindi walioletwa na watu wa Kigwena. Nilimsaidia Kaki kusaga, kwa sababu wanawake wawili wanapokaa uani hawawezi kutazamana tu. Tulisaga, tukala chapati na ndagala aliowakaanga kwa ukwaju, na alinifundisha kutengeneza dengu kwa namna ambayo Idi alisema harudi tena kwenye maharage. Hata leo nikinusa ukwaju motoni hujiona nimekaa pale, miguu nimenyoosha, sina ninachokiogopa duniani. Nashangaa kwamba mtu anaweza kuwa na furaha asijue kuwa ndiyo hiyo.

Mwanzoni mwa mwaka ule alikuja Mutware, yaani chifu wa zamani. Jina lake sitalitaja. Alikuwa muganwa, mtu wa ukoo wa kifalme, aliyetawala vilima vya upande wa Minago wakati wa Wabelgiji, na baada ya uhuru akaendelea kidogo, mpaka ufalme ulipofutwa ikawa jamhuri na yeye akabaki na nyumba, ng'ombe wachache na salamu za watu. Alishuka kwenye gari kuukuu lililoendeshwa na mwanawe, amevaa shuka jeupe lililofungwa begani, na mtaa mzima ulinyamaza. Kaka alimtolea kiti, Kaki akatoa chai. Mutware alizitazama zile picha za ukutani kwa muda mrefu, mikono nyuma, akisogea toka moja hadi nyingine kama mtu anayekagua gwaride.

"Hawa wafalme yenu, walienda wapi?" akauliza.

"Wapo, Mutware," Kaka akajibu. "Wengine wamegeuza nyumba zao hoteli. Serikali imewaambia wabaki na majina."

"Na majina wamebaki nayo?"

"Nasikia sasa hata majina yanakatwa."

Mutware akacheka, lakini kidogo. "Kwetu iko vilevile. Nichore basi, Sadiki. Nichore kama hao, na jua nyuma ya kichwa. Kuna picha yangu moja tu, ya Wabelgiji, nimesimama pembeni ya mutu mwenye kofia. Sitaki watoto ya watoto yangu wanitafute pembeni."

Kaka hakulala vizuri kwa furaha, Kaki alituambia. Maisha yake yote alikuwa mchoraji wa baraza asiye na baraza. Alisugua karatasi kwa jiwe laini la ziwani hadi ikang'aa kama ganda la yai. Mutware alikuja akakaa, uso ukachorwa, akaja mara nyingine uso ukamalizika, lakini akachoka. Magoti yalimuuma, tena vidole vyake vilikuwa vimepindika kwa baridi yabisi naye hakutaka vionekane. Akavua lile shuka, akaliacha juu ya kiti. "Tafuta mutu mwengine akae nalo," akasema. "Mabega ni mabega."

Ndipo Idi akakaa badala yake. Alikuwa anarudi shuleni mchana, ananawa chaki, anajifunga shuka la Mutware na kukaa kwenye kiti, mkono mmoja juu ya goti na mwingine umeshika ua. Mimi na Kaki tulipita mlangoni makusudi. "Amahoro, Mutware," tunamwambia, tukipiga makofi kwa heshima kama watu wa zamani, naye hajibu, kwa maana Kaka alimkataza asisogee, ila tumbo lake linaonekana linacheka chini ya shuka. Mimi nilikuwa mjamzito, nakula udongo wa ile rangi nyekundu kila Kaki akigeuka. Siku moja, brashi ikiwa mkononi, Kaka alieleza desturi ya kwao: picha ikikabidhiwa, mchoraji huruhusiwa kumwomba mfalme jambo moja, na ni aibu kwa mfalme kukataa. Babu yake aliomba kisima kwa ajili ya mtaa wao. Baba yake hakuomba kitu, kwa kuwa mfalme wa wakati wake alikuwa na madeni kumzidi.

"Na wewe utaomba nini?" Idi akauliza bila kuchezesha midomo.

"Kaa kimya, nachora kidole." Kisha baada ya muda: "Labda nitaomba mbuzi. Kaki anataka pilau."

Nimejaribu mara nyingi kukumbuka kama kulikuwa na dalili. Watu husema zilikuwepo. Redio ilisema mambo, wanaume walinong'ona kwenye baraza la msikiti, na walimu wenzake Idi walikuja jioni wakaongea Kirundi kwa sauti ya chini, nami nikiwapelekea chai wakahamia kwenye habari za mpira. Nilisikia mmoja akisema, "Safari hii watatumaliza," na mwingine akamwambia, "Nyamaza, mwenzetu ana mke mjamzito." Nikadhani wanaongea juu ya kuhamishwa shule. Mtu wa miaka ile ya ujana husikia neno akaliweka mahali linapomfaa.

Mvua za masika zilikuwa zinakaribia kwisha mambo yalipoanza. Kwanza walikuja watu wenye mapanga, wengine tulisema wametoka ng'ambo, wengine tulijua ni wa hapahapa. Walikuwa wanatafuta Watutsi. Jirani yetu mganga wa zahanati, aliyenipimia mimba yangu na kuniambia nipunguze chumvi, waliwaua yeye na mkewe mbele ya mlango wao, nasi tulikuwa chini ya kitanda cha Kaki, Zarina mdogo amefungwa mdomo kwa kitambaa asilie. Siwezi kusema zaidi ya hapo. Idi alikwenda kuwafunika kwa shuka mchana wa kesho yake. Kisha jeshi likaja, na wale wenye mapanga wengi walikuwa wamekwisha kukimbia, lakini hesabu ya damu haikuangalia nani alifanya. Sasa waliotafutwa ni Wahutu, na zaidi waliosoma: walimu, makarani, wauguzi, wanafunzi. Mume wangu alikuwa Mhutu na alikuwa amesoma. Mwaka ule mambo hayo mawili yakikutana kwa mtu mmoja yalitosha.

Hawakuvunja mlango. Hilo ndilo wajukuu wangu hawaelewi. Alikuja asubuhi mtu mmoja tu tunayemjua, mjumbe wa komine, ofisi ya serikali pale mjini, amevua kofia, akasema, "Mwarimu, wanakuhitaji kule ofisi, kidogo tu, maswali." Idi alikuwa na kikombe mkononi. Nikamshika shati, nikasema usiende, na Kaka akatoka chumbani kwake akasema kwa utulivu, "Mwambie anaumwa." Yule mjumbe akatazama chini. "Muzee, wakija wenyewe watachukua nyumba yote." Hapo Idi akaweka kikombe mezani. Akaingia ndani, akabadili shati akavaa lile la kufundishia, kwa kuwa alisema mtu asiye na kosa aende kama mtu asiye na kosa. Aliniambia, "Narudi kula." Nilimtazama akiondoka na yule mjumbe wakiongea, kama watu wawili waendao sokoni, mpaka kona ya duka la mawese ikawaficha. Chai ilikuwa bado ya moto.

Nilikwenda komine. Nilisimama uani na wanawake wengine, wengine wana watoto mgongoni, na askari alituambia waume zetu wamepelekwa Bururi, mwingine akasema Bujumbura, mwingine akasema rudini mkapike. Nilipeleka chakula, kikapokewa, bakuli likarudi tupu, nikafurahi, nikamwambia Kaki amekula, na Kaki akageuza uso. Mama mkwe alishuka kutoka mlimani. Hakulia. Aliingia chumbani kwetu, akatoa sanduku, akaanza kutia motoni kila kilichokuwa na maandishi au sura ya Idi: cheti cha shule, daftari za watoto, picha ya darasa lao, na picha yetu ya harusi ambayo Kaka alikuwa ameitia rangi. Nilivutana naye mkono. "Wakikuta hii watajua ni mutu wa kusoma," alisema. "Mwanangu akirudi atakuwa na uso wake mwenyewe, hatakuwa na kazi na karatasi." Nikamwachia. Karatasi ya picha huungua kwa harufu ya pekee, na inajikunja kwanza.

Kaka aliona yote kutoka mlangoni. Akaenda akawasha taa mchana, akamaliza picha ya Mutware. Ilikuwa imebaki duara la dhahabu tu. Alipomaliza akaifunga kwa kitambaa cha dukani, akavaa koti lake la sikukuu. Kaki akamuuliza kwa lugha yao, nikaelewa bila kuelewa. Akanigeukia mimi: "Nakwenda kwa Mutware. Kazi imekwisha, nina haki ya kuomba." Nikasema nakwenda naye. Kaki alisema mimba hii itatoka njiani, lakini alikuwa tayari ananifungia chapati katika kanga.

Tulipanda baiskeli ya Kaka, mimi nyuma nimeikumbatia picha, na penye kilima tulishuka tukatembea. Mitumbwi ilikuwa imelala mchangani yote, hakuna aliyevua. Penye kizuizi askari kijana alitusimamisha.

"Nini iko ndani?"

"Picha," Kaka akasema.

Askari akafungua kitambaa. Akatazama, akamwita mwenzake. "Ona, ule mutware wa zamani. Bado anapenda watu wamutazame!" Wakacheka. Mmoja akagusa dhahabu kwa kidole akaona kama inabanduka, kisha akakifunga kitambaa vizuri kabisa, kwa adabu, jambo lililonishangaza. "Pita, Muhindi. Na mama, pita."

Nyumba ya Mutware juu ya Minago ilikuwa kimya. Wachungaji hawakuwepo, mbwa hakubweka. Tulimkuta ameketi barazani peke yake, shuka lake begani, na miguuni amevaa viatu vya ngozi vilivyopigwa kiwi, kamba zimefungwa. Alitupokea kwa salamu zote, amahoro ya nyumbani, amahoro ya watoto, kana kwamba dunia iko mahali pake. Kaka akaifungua picha, akaisimamisha juu ya kiti mbele yake. Sijapata kuona kitu kizuri kama kile. Mzee alikuwa pale ametazama upande, mkali, mtulivu, mwenye jua lake, na ziwa nyuma yake kama kitambaa cha hariri. Mutware aliitazama hadi nikaogopa.

"Hii mikono si yangu," akasema mwishoni.

"Si yako, Mutware. Hukutaka kukaa. Alikaa mwalimu Idi."

"Ule kijana wa shule."

"Mume wa huyu. Wamemchukua." Kaka alipiga magoti, mzee yule, koti la sikukuu likagusa vumbi. "Kwetu, picha ikikabidhiwa mchoraji anaomba jambo moja. Mimi naomba mwenye mikono hii. Sitaki kingine. Nenda kawaambie wamwachie."

Nami nikapiga magoti. Nilisema maneno ambayo siyakumbuki yote. Nilisema Mutware, twende wakuone tu, usiseme kitu, wakuone umesimama pale. Nilisema nina mimba. Nilisema mama yake hali chakula.

Mutware alinyoosha mkono kana kwamba anatuinua, lakini hakutufikia. "Sadiki," akasema, "umenichora kama mutu anayeita askari na askari anakuja. Mutoto wangu mukubwa, ule aliyenileta kwako na gari, walimuita Bujumbura. Alienda amefunga tai. Mimi nilienda kumuuliza. Nilisimama inje tangu asubuhi, mimi, mpaka mulinzi akaniambia, muzee, rudi nyumbani, usituharibie kazi." Akatazama viatu vyake. "Wanasema sisi wa ukoo wa mwami tunataka kurudisha ufalme. Nikienda kumuombea mume ya huyu mama, ndiyo nimemumaliza. Unaona viatu? Kila gari inapanda mulima, navaa viatu. Sitaki wanikute pekupeku."

Chini kule ziwa lilimetameta kwa jua la adhuhuri, zuri kabisa, nami nikalichukia. Kisha Mutware akasimama, akaichukua ile picha kwa mikono yake iliyopindika, akamrudishia Kaka.

"Ondoka nayo. Mutu kama hawezi kutoa haki ya muchoraji, hawezi kubaki na picha."

"Mutware, siwezi kurudi nayo. Ni yako."

"Si yangu. Umeniomba, nimeshindwa."

Walisukumiana ile picha kama watu wanaogombea kulipa, wazee wawili, kila mmoja anamheshimu mwenzake, mpaka mmoja wao, sijui nani, akaiegemeza kwenye mwimo wa mlango, ikabaki pale si ya mtu. Mutware alinishika kichwa. "Ihangane, mwanangu. Nta kundi," akasema, maana yake hakuna namna nyingine. Katika maisha yangu nimeambiwa neno hilo na watu wengi, kwenye foleni za wakimbizi, hospitalini, na juzijuzi mbele ya watu wanaoamua mashamba ni ya nani. Sijaambiwa tena na mtu aliyekuwa analijua kama yeye. Tulipogeuka kwenye kona ya migomba nilitazama nyuma. Alikuwa ameketi tena, ametazama upande, vilevile kama katika picha. Baadaye tulisikia gari lilipanda kweli. Sijui kama alikuwa amevaa viatu.

Njiani Kaka hakupanda baiskeli hata penye tambarare. Aliisukuma tu. "Nilimchora mkubwa mno," akasema mara moja, si kwangu.

Baada ya hapo bakuli la chakula halikupokelewa tena. Askari wa zamu aliniambia nisije, akaniambia kwa upole, na upole ule ndio ulionijulisha. Wanawake wenzangu nao walianza kupungua uani. Mjumbe wa komine alimnong'oneza Kaka kwamba wake wa walimu nao wameanza kuulizwa. Kaki alifunga duka, tukashuka ufukweni alfajiri kwa wavuvi wa ndagala waliokuwa wanavusha watu kwenda Kigoma. Mama mkwe tulimsihi aje. Alikaa kizingitini akasema, "Akirudi atamkuta nani?" Alikaa pale miaka yote aliyobakiwa nayo. Nyumba ilipochukuliwa na wengine akahamia nyumba ya jirani, mahali panapoonekana njia.

Ujiji tulikaa wote katika chumba kimoja kwa ndugu wa Kaki. Huko ndiko nilikogundua balaa jingine. Nilikuwa nikikumbuka sauti ya Idi, namna alivyofungua mlango kwa bega, uzito wa mkono wake, lakini uso ulikuwa unaniponyoka. Nilimwambia Kaka huku nalia. Akasema, "Basi niambie, nitamchora. Macho yake?" Nikasema mazuri. "Mazuri vipi?" Nikasema mazuri tu. Alichora, akanionyesha, alikuwa kijana mzuri nisiyemjua. Akachora mwingine. Akapunguza pua, akashusha nyusi, akafuta. Kaki akasema paji lake lilikuwa pana zaidi, mimi nikasema hapana, tukabishana, na hapo tuliona kwamba sote watatu, tuliokula naye kila siku, tulikuwa na Idi watatu. Kaka alikuwa amemkalisha mchana baada ya mchana katika kiti kile, lakini macho yake yalikuwa yamelala kwenye mabega na vidole, kwa sababu uso uliokuwa unatakiwa ulikuwa wa mwingine. Hilo lilimvunja kuliko kuhama. "Kazi yetu ni kumchora aliye mbele," alisema, akaziweka brashi katika kopo, akawa anakaa mlangoni akitazama barabara ya Kigoma.

Mtoto alizaliwa mvua zilipoanza tena, msichana. Kaki ndiye aliyempokea. Alimfuta, akamgeuza ubavu karibu na dirisha, akapiga ukelele, "Sadiki! Njoo uone!" Kaka alisita mlangoni, kwa kuwa si desturi mwanamume kuingia, kisha akaingia. Kaki alikuwa ameshika kichwa cha mtoto kwa vidole viwili. "Tazama sikio." Lilikuwa sikio dogo, ncha ya juu imekunjika ndani kidogo, na chini limeshikana na shavu. Na mara tukakubaliana, wote watatu, hapakuwa na mabishano: lilikuwa la Idi. Kaka alivaa miwani. Akaenda akaleta karatasi, akaisugua kwa jiwe, akalowesha brashi katika masizi, akakaa kando ya kitanda changu kutwa nzima akichora sikio la mtu mzima, unywele mmoja mmoja wa mkia wa kindi, hakuna shavu, hakuna shingo, katikati ya karatasi nyeupe. Alipomaliza alinipa mkononi.

"Hili nina hakika nalo," akasema.

Akatoka. Kaki akamchukua mtoto akaenda kumwogesha, akavuta pazia. Nikabaki peke yangu na sikio la mume wangu. Nilikuwa sijui nianzie wapi. Kisha nikalisogeza karibu na mdomo, nikaanza kumwambia.